Kondoo Asiye na Mchungaji: Hotuba kwa Wanaokwenda Vijijini Ireland

Ndugu zangu, dada zangu, na wazee wetu mliokaa mbele, habari za jioni.

Wengi wenu mmeshakodi gari, mmeshaangalia ramani ya pwani ya magharibi ya Ireland, na maswali mliyotuletea ni ya mvua, mafuta na mahali pa kulala. Hakuna aliyeuliza habari za kondoo. Lakini ukishauacha mji wa Galway kuelekea Connemara, au ukishaipa kisogo Killarney ukapanda milima ya kwenda Kenmare, mwenyeji wa kwanza kukupokea barabarani huenda asiwe mtu. Ni kondoo, amejilaza kwenye lami, anacheua, na haraka hana.

Kwetu Afrika Mashariki kondoo hutoka asubuhi na mtoto mwenye fimbo, na jioni hurudi zizini. Akionekana peke yake porini, ama amepotea ama kuna jambo. Basi mgeni wetu akifika Mayo akakuta kondoo thelathini wametapakaa mlimani bila binadamu karibu, moyo unamwambia hapa kuna tatizo. Tatizo hakuna. Kondoo wa Ireland asiye na mchungaji ana mwenyewe, ana mahali pake, na ana ratiba iliyopangwa kabla hujapanda ndege. Makosa mengi ya wageni hutokana na kumsaidia asiyehitaji msaada. Anayeuhitaji kweli yupo, ni wa aina moja, nitamfikia.

Kwanza mjue wanavyokaa. Milima mingi ya magharibi ni malisho ya pamoja: wafugaji kadhaa wana haki ya kulisha sehemu moja, na kila mmoja ana idadi yake ya kondoo anayoruhusiwa kupeleka. Uzio kati ya kondoo wa huyu na wa yule mara nyingi haupo. Kinachowashika ni mafunzo ya mama. Kondoo jike huzaliwa upande fulani wa mlima, hufuata nyayo za mama yake kwenye kijito fulani na mwamba fulani wa kujikinga upepo, na akikua atawafundisha wanawe vilevile. Ukimfukuza kilomita mbili ili umpige picha yenye ziwa nyuma, umemtoa nyumbani kwake, na pengine ukamtenganisha na mwanawe.

Ile rangi mgongoni, nyekundu, bluu au kijani, ni alama ya mwenye mali. Kwenye malisho ya pamoja kila nyumba ina rangi yake na mahali pake pa kuipaka: begani, kiunoni, ubavu wa kushoto. Mfugaji akisimama barabarani na darubini anawatambua wake ng'ambo ya bonde. Wakati wa kuzaa huongezwa namba ubavuni. Jike mwenye 27 na wana wawili wenye 27 ni familia moja. Halafu kuna rangi ya tatu inayowachekesha wageni kila vuli: doa juu ya mkia. Dume hufungwa kifuani mkanda wenye kipande cha chaki ya rangi, na kila jike anayempanda hubaki na alama. Mzunguko wa joto la jike ni siku 17 hivi, kwa hiyo mfugaji hubadilisha rangi ya chaki kila baada ya muda huo. Jike akibaki na rangi ya kwanza peke yake, ameshika mimba. Akiongeza ya pili, hakushika mara ya kwanza. Mimba ni siku kama 147, hivyo kwa kutazama rangi mfugaji anajua nani atazaa wiki gani. Sikioni kuna hereni ya kielektroniki, jamaa ya zile ambazo Tanzania imewavisha ng'ombe, na kila Desemba mfugaji hupeleka serikalini hesabu ya kondoo wake wote. Sasa mniambie, mnyama mwenye makaratasi mengi kuliko baadhi yetu tulioko humu, amepotea vipi?

Twende barabarani, maana huko ndiko damu humwagika.

Mliojifunza kuendesha Tanzania, Kenya au Uganda mna nafuu: Ireland nao hushika kushoto. Mliotoka Bujumbura, Kigali, Lubumbashi au Muscat mjihadhari zaidi, kwa sababu mtu akishtuka mikono hurudi kwenye mazoea, na kondoo hodari wa kushtua hakuna kama yeye. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida kwenye barabara ndogo za vijijini kimeshushwa kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60. Msikichukulie kikomo kama agizo la kufikia. Kwa 60 gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde, na kona nyingi za Donegal na Kerry huoni mita 30 mbele. Katika eneo lisilo na uzio, 30 ni mwendo wa kutosha, na penye ukungu hata 30 ni nyingi. Alama ya kuwatahadharisha ni kibao cha manjano chenye umbo la almasi. Mkivuka kuingia Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, kibao kinakuwa cheupe cha pembetatu yenye mpaka mwekundu, na kasi huandikwa kwa maili. Asiyelitambua hilo huona 60 akadhani ni kilomita, au kinyume chake.

Kondoo hupenda lami. Hukauka mapema kuliko majani, na jioni bado imeshika joto la mchana. Ndiyo maana huwakuta wamelala pale usiku, kwenye kona, na wale wenye uso mweusi hawaonekani mpaka macho yao yarudishe mwanga wa taa.

Kanuni ya kwanza ya dereva: mkiona mmoja, mtafuteni wa pili. Kondoo jike akiwa kushoto na mwanawe akiwa kulia, mwana atakimbilia kwa mama, na atasubiri mpaka ufike ndipo akimbie. Mama mwenyewe huenda hatahama. Wageni humwangalia yule mkubwa aliyesimama, wakamgonga mdogo aliyetoka kwenye majani. Kwa hiyo ukiona jike kati ya Machi na Juni, chukulia kwamba ana mwana au wawili usiowaona, punguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea, na usikaze gari mpaka uwajue wote wako upande gani.

Honi haisaidii. Macho ya kondoo yako pembeni mwa kichwa na mboni zake zimelala kama mstari, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, ila kupima umbali wa kitu kinachomjia ni udhaifu wake. Honi humwambia kimbia bila kumwambia wapi. Sogeza gari polepole, simama, sogea tena. Kwa kawaida atainuka, atakutazama kana kwamba wewe ndiye umekosea njia, kisha ataondoka. Akianza kukimbia mbele ya gari kwenye barabara yenye kuta pande mbili, usimfuate. Atakimbia hivyo hivyo mpaka achoke. Simama, mpe nafasi apate pengo la kutokea au akuzunguke.

Mkikutana na kundi linalohamishwa, mtu mmoja nyuma, mbwa mmoja, labda pikipiki ya magurudumu manne mbele, ingia kushoto kabisa, zima injini, shusha taa, kaa ndani. Usisimame mbele ya geti lililo wazi. Geti lililo wazi liko wazi kwa sababu ndiko wanakokwenda, na gari lako likiliziba, kondoo themanini watageuka kwa mpigo mmoja na asubuhi yote ya mtu imeharibika. Msitoke na simu kupiga picha kabla wa mwisho hajapita. Mbwa anafanya kazi kwa kuusoma mwili wa kondoo, na mtu mpya aliyejitokeza ghafla huvuruga mstari.

Ukimgonga kondoo, simama. Washa taa za dharura, weka gari pasipo hatari, angalia rangi mgongoni na namba ya hereni, kisha nenda nyumba iliyo karibu au piga simu kituo cha Garda, yaani polisi wao. Namba ya dharura ni 112 au 999, lakini iwekeni kwa ajili ya mtu aliyeumia au barabara iliyozibika. Usimpakie kondoo garini kumpeleka kwa daktari. Na usidhani mwenye kondoo atalipa gari lako moja kwa moja: sheria ya wanyama ya 1985 inamtaka mfugaji awe mwangalifu, lakini mahali ambapo desturi si kuweka uzio, na yeye ana haki ya kulisha pale, kule kumweka tu kondoo hapo si kosa. Someni mkataba wa gari la kukodi mjue ni kiasi gani mtatoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa.

Kwa wanaotembea kwa miguu. Ireland haina haki ya jumla ya kupita kwenye ardhi ya mtu, tofauti na Scotland. Njia nyingi nzuri za matembezi zipo kwa ridhaa ya wenye mashamba, na ridhaa huondolewa. Geti liacheni mlivyolikuta: lililofungwa lifungeni, lililo wazi liacheni wazi, maana huenda ndiyo njia ya kondoo kwenda majini. Lililofungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu lifungeni kwa kamba ileile, mizunguko ileile. Ikibidi kulipanda, pandeni upande wa bawaba. Upande wa komeo geti huinama na mwishowe halifungiki. Kuta za mawe za Galway na visiwa vya Aran hazina saruji, jiwe limekalia jiwe. Mkiangusha moja, lirudisheni papo hapo, kwa sababu mwana-kondoo hahitaji zaidi ya pengo la upana wa kiatu kulifanya mlango, na baada yake watapita wengine wote.

Mbwa ni suala zito. Hata mbwa mpole asiyeng'ata, akiwakimbiza majike wenye mimba huweza kuwafanya watupe mimba au wajirundike kwenye kona ya ukuta wafe kwa kukosa hewa. Sheria ya kudhibiti mbwa ya 1986 inambebesha mwenye mbwa hasara yote, na kwa masharti fulani inamlinda mfugaji aliyempiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo. Faini ya juu ilipandishwa mwaka 2023 kutoka yuro 2,500 hadi 5,000. Mkialikwa kutembea na mbwa wa rafiki, mwacheni nyumbani. Droni nayo msiirushe juu ya kundi.

Mkate msiwape. Najua inaonekana ukarimu. Tumbo kubwa la kucheulia limezoea nyasi. Wanga mwingi wa ghafla huchacha humo, hutengeneza asidi, na kondoo aliyeshiba mkate wa kundi zima la watalii anaweza kufa siku ya pili. Na hata asipofa, atakuwa amejifunza kuyafuata magari.

Vuli, Oktoba na Novemba, madume yako pamoja na majike. Dume akikukazia macho, akashusha kichwa na kurudi nyuma hatua mbili tatu, hajaogopa, anachukua mbio. Wa aina ya Texel au Suffolk ni kilo 90 na zaidi. Usimpe mgongo na usikimbie. Rudi kinyumenyume ukimtazama, weka ukuta au geti katikati yenu. Jike anayepiga mguu chini naye anakuonya, ana mwana karibu.

Kuhusu wana-kondoo. Bondeni huzaliwa zaidi Machi, milimani Aprili. Mwana aliye peke yake hajatupwa. Mama yuko malishoni na anajua alipomwacha. Mama humtambua mwanawe kwa harufu kabla ya yote, na ukimbeba ukamkumbatia unampaka harufu ya sabuni na manukato yako. Mwana aliyelala ubavu juani, miguu imenyooka, shingo imelegea, huonekana amekufa. Amelala usingizi. Jike aliyelala ubavu akinyanyua pua juu na kujikaza kila baada ya dakika chache anazaa. Ondokeni mbali naye, maana akishtuka huinuka na kukimbia, na uchungu husimama.

Dada zetu wenye mimba nawaomba mnisikilize hapa kuliko kwingine kote. Majira ya kuzaa, msiguse kondoo wala mwana, wala majani yenye kondo la nyuma, wala viatu na nguo za aliyetoka kuwazalisha. Vijidudu vinavyowafanya kondoo watupe mimba, vikiwemo aina ya klamidia na toksoplasma, huweza kumdhuru mama na kuua mtoto tumboni. Mashamba ya maonyesho huweka kibao mlangoni, lakini nyumba ya kulala wageni yenye kondoo nyuma haiweki. Wengine wote, mnawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi pale penye kinyesi. Jioni jikagueni kupe, nyuma ya magoti, kinenani, kwenye mstari wa nywele. Kupe wa huko ni mdogo kuliko wa ng'ombe mnaowajua, wachanga wao ni wadogo hata kuliko mbegu ya ufuta, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Mshike kwa kibano chembamba karibu na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, bila mafuta na bila kiberiti. Ukiona wekundu unaopanuka siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa wapi.

Sasa yule mmoja anayehitaji msaada kweli.

Utamkuta amelala chali, miguu minne juu, tumbo limevimba, pengine anapiga miguu, pengine ameshachoka na ametulia. Huyu hapumziki. Kondoo wa sufu mwenye mgongo mpana, sufu imelowa mvua na kuongeza kilo kadhaa, au mwenye mimba pevu, akijiviringisha kujikuna kwenye kibonde hushindwa kugeuka. Kondoo wetu wa manyoya mafupi na mkia wa mafuta si rahisi kumkuta hivi, ndiyo maana wengi wenu hamjawahi kuliona jambo hili. Akiwa chali, gesi ya kucheua haitoki kwa mdomo. Inajaa, inasukuma mapafu, na damu inazuilika. Anaweza kufa kwa saa chache, na kunguru hawasubiri afe, huanza na macho. Hapa usiende kutafuta mwenyewe kwanza. Mwinue.

Mwendee upande wa mgongo, si wa miguu. Teke la kondoo huvunja kidole. Piga goti. Shika sufu nyingi kwa mkono mzima begani na kiunoni, karibu na ngozi, usivute vinyweleo vya juu wala pembe wala mguu. Msukume aviringike kutoka kwako mpaka alalie kifua, kisha mwinue asimame. Na hapa ndipo wengi hukosea: humwachia. Miguu imekufa ganzi na gesi bado imejaa, akiachwa atayumba aanguke palepale. Mbane katikati ya magoti yako, akitazama mbele, mwinueni wawili kama ni wa bondeni maana hao hufika kilo 80. Wa mlimani ni kama 50, mtu mmoja anaweza. Dakika mbili, tatu, wakati mwingine tano. Atacheua hewa, atakojoa, mara utahisi uzito umehamia miguuni mwake. Mwelekeze mbali na kile kibonde, mwachie taratibu, simama umtazame kidogo. Akitembea na kuanza kula, umemaliza. Akianguka tena, mlaze kifua-chini umwegemeze kwenye jiwe, kisha ndipo ukamtafute mwenyewe, ukimtajia rangi, mahali na saa.

Anayelala kifua-chini kama kawaida lakini hainuki hata ukimkaribia si wa kuinuliwa. Huyo ni mgonjwa, toa taarifa. Aliyenasa kichwa kwenye waya vilevile, isipokuwa kichwa kitoke kwa kugeuza pembe polepole. Waya usikate.

Taarifa hupelekwa nyumba ya karibu, dukani, au posta. Kijijini mtu wa kaunta akisikia "bluu begani, juu ya daraja" atajua ni wa nani kabla hujamaliza sentensi.

Huenda pia siku moja mzee akakusimamisha na kukuomba ukae kwenye upenyo, yaani uzibe pengo kwa mwili wako wakati yeye anaingiza kundi. Kubali, ni heshima na si kazi ngumu. Simama katikati ya pengo, nyosha mikono pembeni, kaa kimya. Kondoo watakuja, watasimama, watakupima. Ukipunga mikono sana watarudi kumwangukia mzee. Ukirudi nyuma hatua moja watapita. Akijitokeza mmoja kujaribu, sogeza mkono wa upande ule, basi. Ukiachia mmoja umeachia wote, na maneno atakayosema mzee sitayatafsiri.

La mwisho ni mizigo. Ugonjwa wa miguu na midomo, ambao kwetu Afrika Mashariki tumeuzoea, Ireland wanauogopa kuliko moto. Mwaka 2001 ulizuka kwa jirani zao Uingereza, na Machi ukagunduliwa Ireland, shamba moja tu kaunti ya Louth. Nchi nzima ilifungwa: matembezi milimani yalisitishwa, na hata gwaride la Mtakatifu Patrick mjini Dublin likaahirishwa. Kwa hiyo anayetoka huku haruhusiwi kuingia na nyama ya kukausha, biltong, samli ya nyumbani, maziwa wala jibini. Kama wiki mbili zilizopita ulikuwa bomani au mnadani, viatu vile usiende navyo. Au visugue kwa brashi hadi tope la kwenye mifereji ya soli litoke, kwa maji moto na sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya tope. Nguo zifuliwe. Huko pia, ukihama shamba moja kwenda jingine, fanya hivyohivyo.

Maswali nayapokea. Mwenye samli kwenye begi la kesho asisubiri wengine waondoke ndipo aulize.